Nguo Alizofua Zaina

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati nikimsubiri mume wangu apimwe presha, mlango wa chumba cha kufungia vidonda ukafunguliwa. Harufu ilitoka kabla ya mgonjwa. Sikuhitaji kuangalia. Ilikuwa ile ile: utamu uliooza, kama mapeasi yaliyoanguka kwenye majani mabichi yakaachiwa nyigu, na juu yake chumvi, sabuni ya mche, na kitambaa kilichochemshwa mara nyingi mno. Nilitoka nje nikashika ukuta. Mume wangu aliponikuta pale akaniuliza kama nina mimba, kisha akacheka mwenyewe, maana kwa umri wetu hilo lingekuwa jambo la kutangazwa redioni. Nikamwambia, "Hapana. Nimemkumbuka Baba mkubwa." Akaacha kucheka. Anaifahamu habari hii, lakini sikuwahi kumsimulia yote kwa mpangilio. Jioni ile nilimsimulia.

Baba mkubwa alikuwa mume wa dada yake mama. Nilipelekwa kuishi kwao, milimani juu ya mji wa Lushoto, baada ya mama yangu kujifungua mapacha huko chini Mnazi na nyumba yetu kukosa nafasi ya mtu mwingine wa kulia. Kwetu kulikuwa na joto na mbu. Kule juu kulikuwa na ukungu, mikaratusi, matuta ya kabichi yaliyopanda mlima kama ngazi, na baridi iliyonifanya nilale na sweta. Mama alisema nitasoma vizuri na nitaandaliwa komunyo ya kwanza na watu wanaoijua dini. Baba mkubwa alikuwa katekista. Yeye na Mama mkubwa hawakuwa na mtoto, na parokia nzima iliwataja kama mfano wa ndoa. Hakuna aliyewahi kusikia sauti ikipandishwa ndani ya nyumba ile.

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Sauti haikupandishwa kwa sababu hawakusemeshana. Mama mkubwa alikuwa akikaa mkono mmoja kutoka kwa mumewe, anamenya viazi, halafu ananiambia, "Mwambie baba yako mkubwa maji ya kuoga yako tayari." Namgeukia yule mzee aliyekuwa amesikia kila neno, nasema, "Baba mkubwa, maji yako tayari." Naye ananijibu, "Mwambie nakuja." Nageuka tena. "Anasema anakuja." Mimi sikuona ajabu. Kwenye mafundisho ya komunyo tulikuwa tukikariri kwamba sakramenti ni ishara inayoonekana ya neema isiyoonekana, na nikajiambia kwamba ukimya ule ndio ile sehemu isiyoonekana. Watu watakatifu, nilifikiri, hawasemeshani ovyo. Kanisani nako watu hunyamaza mbele ya Ekaristi. Na mimi, niliyepeleka maneno huku na kule, nilijiona kama malaika wa kupasha habari, nikawa natembea kwa madaha kutoka jikoni mpaka sebuleni.

Kazi niliyoichukia ilikuwa ya jioni. Baba mkubwa alikuwa na donda ndugu mguuni, juu kidogo ya kifundo, la miaka mingi. Kila jioni kabla ya rozari alikaa kwenye kiti chake, akaweka mguu juu ya kigoda, na Mama mkubwa akapiga magoti kumfungua. Mimi nilishika beseni. Kitambaa cha mwisho kilikuwa kinagandamana na nyama, kwa hiyo alikilowesha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu na kukisubiri kiachie, na kilipoachia kilitoka na sauti ndogo ya unyevu ambayo mpaka leo nikiisikia mahali popote, hata ngozi ya kuku ikivutwa jikoni kwangu, nywele hunisimama. Chini yake palikuwa na shimo lenye kingo za kijivu na usaha wa rangi ya uji. Na Baba mkubwa, wakati hayo yakiendelea, alikuwa akila. Mahindi ya kuchoma, mara nyingi. Alitafuna taratibu akitazama ukutani, na punje zilizomponyoka zilianguka ndani ya beseni langu, zikaelea. Hakuwahi kuutazama mguu wake. Wala hakusema asante, si kwangu wala kupitia kwangu.

"Mama mkubwa," nilimuuliza siku moja tukiwa tunamwaga yale maji nyuma ya choo, "kuona kinyaa ni dhambi?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nataka kujua kabla sijaenda kuungama."

Alisuuza beseni, akalikung'uta. "Si dhambi," alisema. "Na mimi naona."

Nilishtuka kuliko kama angeniambia haamini Mungu. Nilikuwa nimedhani mtu mkubwa akipenda, pua yake hufa.

Jumamosi alasiri ndipo walipokuja wachumba. Parokia iliwatuma kwa Baba mkubwa kupata mafundisho ya ndoa, wawili wawili, vijana wenye viatu vilivyopakwa dawa na wasichana waliokaa ukingoni mwa kiti. Sebule ilitengwa na jiko kwa ukuta wa mbao, na mbao zile zilikuwa zimekauka zikaachana, hivyo aliyekuwa jikoni alisikia kila kitu. Mama mkubwa alichemsha viazi na chai ya tangawizi, mimi nikipeleka. Katikati ya mafundisho Baba mkubwa alikuwa na hadithi moja ambayo hakuiacha kamwe. Niliipenda. Alikuwa na sauti nzuri, nzito, ya mtu aliyezoea kusoma masomo bila kipaza sauti.

"Palikuwa na mwanamke mmoja," aliwaambia, "ambaye mimba zake hazikukaa. Ndugu wa mume wakamwambia mume, mrudishe kwao huyu, utafute mwenye kizazi. Mume akakataa. Alisema, nimeapa mbele ya altare. Sasa alfajiri moja yule mwanamke akampoteza mtoto ambaye alishaanza kucheza tumboni. Damu ililowesha kila kitu, shuka, kanga, mpaka godoro. Ninyi mnaopendana leo kwa sababu ya sura na marashi, nisikilizeni. Yule mume hakuona kinyaa. Alizikusanya nguo zile, akashuka nazo mferejini, akachuchumaa kwenye baridi, akazifua kwa mikono yake mwenyewe huku akilia."

Hapo sauti yake ilikatika, na wasichana wakatoa leso. Na hapo hapo, kila Jumamosi, Mama mkubwa alinigusa bega akanipa chupa ya chai nipeleke kwanza kwa jirani aliyekuwa na mgonjwa, kwa hiyo sikuwahi kusikia mwisho. Nilidhani ni habari ya watakatifu. Nilikuwa nimeshamchagulia yule mume sura, kijana mwenye ndevu fupi kama kwenye picha za ukutani, na maua ya yungiyungi mkononi.

Jumamosi moja mvua ilinizuia kwenda kwa jirani, nikabaki mlangoni na sahani ya viazi. Baba mkubwa alijifuta macho, akasubiri kidogo, kisha akasema, "Mume yule ndiye mimi. Na mwanamke yule ndiye huyu anayewaletea chai."

Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu na birika. Wachumba wote waligeuka. Mmoja wa wasichana, simlaumu, alimtazama tumboni. Mama mkubwa alipita katikati yao, akajaza vikombe bila hata tone kumwagika, akarudi jikoni.

Nilimfuata mbio. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Kumbe nilikuwa naishi na mtakatifu! Kumbe lile beseni lilikuwa deni la haki, yeye alimfulia, na mkewe anamwosha! Jikoni alikuwa ndiyo kwanza ameingia Bibi Zaina, jirani yetu wa upande wa chini, aliyekuwa akija kupukuchua maharage karibu na moto wetu mvua ikinyesha. Alikuwa Mwislamu, mama wa watoto wengi, mwenye mikono mipana na sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde.

"Mama mkubwa," nikasema, "kumbe Baba mkubwa ndiye aliyekufulia zile nguo!"

Bibi Zaina aliacha kupukuchua. "Nani alifua?"

"Baba mkubwa. Mferejini. Anasimulia."

"Bado anasema?" Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Mama mkubwa, ambaye alikuwa ameinama anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Bibi Zaina akanyoosha mikono yake miwili mbele ya uso wangu. "Itazame hii. Iliyofua ni hii. Na maji yalikuwa ya baridi kweli, hapo hakudanganya. Yeye alisimama mlangoni ameziba pua kwa kofia, akasema hawezi kukaa na harufu ile, akaenda kulala kwa ndugu yake mpaka nyumba ikakauka. Na mtoto tulimzika mimi na mama yako mkubwa, chini ya mpeasi pale. Yeye alikuja baadaye, akauliza kama godoro limetupwa."

"Zaina," Mama mkubwa alisema, "huyu ni mtoto."

"Ndiyo. Na anakua kwa uongo."

Sikujua niangalie wapi. Kupitia mbao zilizoachana niliisikia ile sauti nzuri ikiwafundisha wachumba sala ya kufunga. Nilisikia kitu kikinipanda kooni, na hakikuwa kinyaa cha donda. Kinyaa cha donda kinaishia puani. Hiki kilishuka, kikakaa tumboni, na kila nilipoyakumbuka machozi ya Baba mkubwa, yakija palepale kila wiki, kwenye neno lile lile, kilijigeuza.

Wageni walipoondoka nilimuuliza Mama mkubwa kwa nini hamwambii mumewe aache.

"Nilimwambia," alisema. "Mara ya kwanza kabisa niliposikia. Nilimwambia, si kweli na ni ya kwangu, usiitoe. Akaniambia hadithi ile inawasaidia watu, nisiwe na ubinafsi. Basi. Tangu siku ile nikawa sina neno la kumwambia."

Ndivyo utakatifu wa nyumba ile ulivyoniishia. Niliendelea kupeleka maneno, lakini bila madaha.

Sikukuu ya Familia Takatifu ilipokaribia, Paroko alimwomba Baba mkubwa atoe ushuhuda wa ndoa kanisani, baada ya komunyo, mbele ya waamini wote. Alishonewa shati jipya. Mama mkubwa alipewa kitenge cha sare na akina mama wa jumuiya, wakamketisha benchi la mbele, mimi pembeni yake. Kanisa lilijaa mpaka nje. Wengine walikuwa wameteremka toka vijiji vya mbali na mboga zao za kuuza kesho yake, na hewa ilikuwa ya makoti yenye unyevu, ubani na vitunguu.

Baba mkubwa alisimama kwenye mimbari. Alianza, "Palikuwa na mwanamke mmoja." Nilimtazama Mama mkubwa. Alikuwa ameshika rozari, lakini vidole havikusogea. Kwenye ndugu waliotaka arudishwe kwao, akina mama nyuma yetu walianza kusikitika. Kwenye damu, mmoja alisema, "Jamani." Baba mkubwa akashika kingo za mimbari, sauti ikaanza kukatika mahali pake pa siku zote. "Yule mume hakuona kinyaa. Alizikusanya nguo zile—"

Mama mkubwa alisimama.

Hakuwa mtu wa kusimama. Nadhani wengi walifikiri amezidiwa na furaha, maana wawili watatu walianza kupiga vigelegele, vikafa njiani.

"Baba Paroko, naomba unisamehe," alisema. Hakupaza sauti, lakini kanisa lile lina mwangwi. "Nguo zile hakufua yeye. Alifua Zaina, jirani yetu. Yeye alisikia kinyaa akaondoka. Mtoto ni wangu, na simpi ruhusa ya kumsimulia tena. Nimemaliza."

Akaketi. Mtoto mchanga alilia mahali fulani nyuma. Baba mkubwa alikuwa bado ameshika kingo za mimbari, na kitu nilichokiona usoni kwake hakikuwa aibu, bado. Ilikuwa hasira ya mtu aliyekatizwa karibu na sehemu nzuri. Mwalimu wa kwaya, Mungu ambariki, alianzisha wimbo kwa ufunguo ambao hakuna aliyeuweza, na tukatoka kanisani tukiimba kama mbuzi.

Njia ya kurudi nyumbani ni ya kupanda. Baba mkubwa alitangulia akichechemea. Kwenye kona ya mikaratusi aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue akamsemesha mkewe moja kwa moja.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Wewe umenivua kila Jumamosi," Mama mkubwa akamjibu.

Nilikuwa katikati yao kwa mazoea. Nilisogea kando.

Jioni maji ya chumvi yalichemshwa kama kawaida. Mama mkubwa alileta beseni mwenyewe, akaliweka sakafuni, akaweka kitambaa safi juu ya kigoda. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akafunga mikono. "Jioshe," alisema.

Baba mkubwa alinitazama mimi. "Njoo, mwanangu. Unajua inavyofanywa."

"Mtoto haligusi donda hilo," Mama mkubwa alisema.

Hatimaye aliinama, akafungua vitambaa kimoja kimoja, akafika kile cha mwisho, akakivuta bila kukilowesha, akapiga yowe. Ndipo akautazama mguu wake. Alikuwa ameubeba miaka yote ile bila kuutazama. Rangi ilimtoka usoni, akageuza kichwa, akatapika kando ya kiti, juu ya suruali aliyovaa kanisani. "Linanuka," alisema, kama mtu anayelalamika dukani. "Hili linanuka."

"Ndivyo linavyonuka," Mama mkubwa alisema. Akaenda jikoni, nami nikamfuata, na matapishi Baba mkubwa aliyaondoa mwenyewe. Tulimsikia kupitia mbao, akikoroga maji, akitapika tena, akimwita Mungu kwa jina ambalo hakulitumia kwenye sala.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa wageni wa kuja kumkemea Mama mkubwa. Mwenyekiti wa jumuiya alisema amemwaibisha mtumishi wa Mungu. Mama mmoja alimletea sala ya novena kwa ajili ya wake wenye kiburi. Paroko naye alikuja, tukamwamkia, akanywa chai, akazungukazunguka kwa maneno, mwishoni akasema kwa upole kwamba mambo kama yale yangezungumzwa ndani.

"Baba," Mama mkubwa alimwambia, "ndani ndiko nilikokuwa."

Paroko aliaga. Sijui alikwenda kufikiri nini, lakini wachumba hawakuja tena Jumamosi. Na Baba mkubwa alianza kwenda zahanati kila asubuhi kufungwa mguu na muuguzi ambaye, nilisikia, hakuvumilia mahindi ya kuchoma chumbani mwake. Donda likaanza kupungua. Hilo nalo lilinikera. Nilitaka Mungu aliache donda lile.

Pasaka ile nikapokea komunyo ya kwanza. Ningependa kusema nilijaa amani. Nilijaa maswali, nikameza Mwili wa Bwana nikiwa namtazama Mama mkubwa akipiga magoti mahali pale pale aliposimama siku ya Familia Takatifu, na nikaamua kwamba kama yeye anaamini, kuna kitu cha kuamini, hata kama sikijui. Uamuzi huo sijaubadilisha. Nimeolewa kanisani, nimevumilia na kuvumiliwa. Lakini mpaka leo, mtu akisimama na kipaza sauti kuitolea ndoa yake ushuhuda, macho yangu hayaendi kwake. Yanatafuta kwenye mabenchi aliko mwenzake. Mume wangu aliwahi kuombwa aongee kwenye semina moja ya wanandoa, akaniuliza aseme nini. Nilimwambia aseme habari zake tu, zangu aniachie. Aliongea muda mfupi sana, na ilikuwa semina nzuri.

Mama mkubwa hakumwacha mumewe. Watu huniuliza hilo kwanza, na wengine hukasirika nikiwajibu. Alisema aliapa, na kiapo chake hakikuwa na uongo ndani yake, kwa hiyo hakuna sababu ya yeye kuwa ndiye wa kukivunja. Ila tangu Familia Takatifu ile alimsemesha moja kwa moja, na mengi aliyomwambia hayakuwa matamu. Majirani wa bonde zima walisikia sauti zikipandishwa. Parokia ikaacha kuwataja kama mfano.

Miaka ikapita, nikawa sekondari, narudi kwao likizo. Paroko mpya alikuwa amekuja, asiyejua ya nyuma, na Baba mkubwa akapewa tena mafundisho ya ndoa, safari hii kwenye kigango cha mbali, upande wa Mlalo, ambako watu hawakumjua. Siku moja nilimsindikiza nikimbebea mfuko, maana mguu ulikuwa umepona lakini ulimwachia kilema. Nilikaa nyuma ya chumba. Wachumba walikuwa wamejaa kwenye mabenchi.

"Palikuwa na mwanamke mmoja," alianza.

Nilidhani nimesikia vibaya. Alikwenda nayo yote: ndugu, alfajiri, damu, mfereji. Alilia palepale. Halafu, nilipofikiri imekwisha, akaongeza kipande kipya. Alisema mwanamke yule, miaka baadaye, alimwaibisha mumewe mbele ya kanisa zima, kwa uchungu wa kukosa mtoto, masikini, na mume akamsamehe papo hapo, akamshika mkono, wakarudi nyumbani wameshikana. "Huo ndio msamaha wa ndoa," alisema, na msichana mmoja mbele yangu akalia mpaka mchumba wake akampa koti lake.

Niliupeleka mfuko wake mpaka nyumbani nikiwa nimemtangulia. Nilimkuta Mama mkubwa jikoni anachambua mboga, nikamwambia yote, kipande kipya na kila kitu. Nilitarajia atalia, au atavaa kanga yake aende kwa Paroko mpya.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka mboga zikamwanguka mapajani, mpaka ikabidi akae chini sakafuni na kushika ubavu, na mimi nikasimama pale nikimkasirikia.

"Mama mkubwa, unacheka nini? Ni uongo mtupu!"

"Si mtupu," alisema, akijifuta macho kwa kiganja. "Safari hii angalau kuna jambo moja la kweli ndani yake. Nilisimama."